Kutu ya mwilini: Oksijeni, uzee na vidonge vinavyouzwa kwa jina la ujana

KATIKA maduka ya dawa, vituo vya mabasi na mikutano ya wauzaji wa virutubisho katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuna neno moja ambalo limerudiwa mara nyingi hadi limezoeleka masikioni mwa wanunuzi: antioksidanti. Huandikwa kwenye chupa za vidonge, kwenye pakiti za chai ya majani makavu, kwenye makopo ya unga wa matunda na hata kwenye mafuta ya kupaka usoni. Wauzaji huahidi kwamba bidhaa hizo husafisha sumu mwilini na kurudisha ujana. Wapo wanaothubutu kusema kuwa zinaponya kisukari na shinikizo la damu.

Ahadi hiyo haikutoka hewani. Nyuma yake ipo nadharia ya kisayansi yenye umri wa takriban miaka 70, iliyotungwa na mtafiti makini, ikapimwa na wengi, ikasifiwa, kisha ikaonekana kuwa na mapungufu makubwa. Tatizo ni kwamba habari ya kuzaliwa kwa nadharia hiyo ilienea kuliko habari ya majaribio yaliyoitikisa, na pengo hilo linawagharimu wagonjwa. Mtu mwenye kisukari anayeacha metformini au insulini kwa kuiamini chupa ya kuondoa sumu anaweza kupoteza figo, macho au mguu, na wakati huo aliyemuuzia ameshahamia kituo kingine.

Moto unaowaka ndani ya seli

Ili kuelewa jambo hili, ni vyema kuanza na hewa. Oksijeni ndiyo inayomwezesha binadamu kuishi, lakini oksijeni hiyohiyo ndiyo inayotia kutu kwenye bati na kugeuza parachichi lililokatwa kuwa la rangi ya kahawia. Mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi kwa muda mrefu hutoa harufu mbaya kwa sababu yameungana na oksijeni. Mwili wa binadamu, ambao una mafuta, protini na chuma kwa wingi, hauwezi kuwa salama kabisa mbele ya kitu cha namna hiyo.

Ndani ya kila seli, isipokuwa chembe nyekundu za damu zilizokomaa, kuna viungo vidogo viitwavyo mitokondria. Hivi ndivyo majiko ya seli. Chakula kinachotoka tumboni kikishavunjwavunjwa hufikishwa humo, elektroni zake hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine mithili ya ndoo za maji zinazopokezanwa na watu waliojipanga mstari, na mwishoni hukabidhiwa oksijeni ili kutengeneza maji. Nishati inayopatikana katika safari hiyo ndiyo inayotikisa misuli, kuupigisha moyo na kuiwezesha akili kufikiri.

Lakini mstari huo huvuja. Elektroni chache hutoroka njiani na kuidaka oksijeni kabla ya wakati wake, na hapo huzaliwa supaoksaidi, moja ya chembe ziitwazo radikali huru. Chembe ya aina hii ina elektroni isiyo na mwenzake, na hutafuta mwenza kwa kumnyang'anya jirani, awe ni mafuta ya ukuta wa seli, protini au DNA inayobeba vinasaba. Jirani aliyenyang'anywa naye humgeukia mwingine. Katika mafuta ya ukuta wa seli, mnyang'anyano huo unaweza kwenda mbali kabla ya kukoma.

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walitangaza kugundua kazi ya kimeng'enya kinachoigeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile inayotumika kusafishia vidonda. Vimeng'enya vingine huichukua peroksaidi hiyo na kuigeuza maji. Isipowahiwa, ikakutana na chuma kilicho huru, huzaa radikali kali zaidi ambayo hakuna kimeng'enya kinachoweza kuidhibiti. Vitamini C na E, pamoja na kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, husaidia kuzima cheche zinazobaki.

Pale cheche zinapozidi uwezo wa wazima moto, wanasayansi huiita hali hiyo msongo wa oksijeni. Ni mtaalamu wa biokemia wa Ujerumani, Helmut Sies, aliyeipa maana yake ya kitaalamu mwaka 1985.

Mkemia wa mafuta aliyegeukia uzee

Aliyeihusisha hali hiyo na uzee alikuwa Denham Harman. Mmarekani huyo, aliyezaliwa mwaka 1916, alianza maisha ya kazi kama mkemia katika kampuni ya mafuta ya Shell, ambako radikali huru zilikuwa jambo la kawaida katika maabara. Inaelezwa kuwa mwaka 1945 mkewe alimwonyesha makala ya jarida iliyozungumzia utafiti wa kurefusha maisha, na swali la kwa nini viumbe huzeeka halikumtoka tena. Aliacha kazi, akaenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 1956, akiwa Berkeley, alichapisha nadharia yake: kwamba uzee ni jumla ya uharibifu mdogomdogo unaofanywa na radikali huru siku hadi siku.

Wazo hilo halikuwa bila mtangulizi. Miaka miwili kabla yake, Rebeca Gerschman, mtafiti aliyetoka Argentina, alikuwa ameonyesha pamoja na wenzake kuwa madhara ya oksijeni nyingi na madhara ya mionzi yana asili moja, yaani radikali huru. Jina la Gerschman hutajwa kwa nadra, na si haki.

Wengi walimpuuza Harman mwanzoni, kwani katika miaka hiyo haikuaminika kwamba kitu kikali namna hiyo kingeweza kuishi ndani ya mwili. Ugunduzi wa mwaka 1969 ndio uliobadili mambo: kama mwili unatengeneza kimeng'enya mahsusi cha kuiangamiza supaoksaidi, basi supaoksaidi ipo. Mwaka 1972 Harman aliongeza kuwa mitokondria ndizo chanzo kikuu na pia ndizo zinazoumia kwanza. Alifariki dunia mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 98.

Seli nazo huhesabu

Sambamba na habari hiyo ya kutu, ilikuwapo habari nyingine ya saa. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, wataalamu wengi waliamini kuwa seli zikitolewa mwilini na kulishwa vizuri katika chupa za maabara zinaweza kugawanyika milele. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia walionyesha kuwa sivyo. Seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Hazifi papo hapo. Hukaa tu, zikila bila kuzaa.

Sababu moja ya kusimama huko ilikuja kueleweka baadaye. Kwenye ncha za kromosomu kuna vipande vya DNA viitwavyo telomea, vinavyofanya kazi kama ile plastiki iliyo kwenye ncha ya kamba ya kiatu. Kila seli inapogawanyika, vipande hivyo hufupika kidogo, na vikifupika kupita kiasi seli huacha kugawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea na kimeng'enya kinachozirefusha.

Saa na kutu vilikutana maabara. Mwaka 1995, Thomas von Zglinicki na wenzake waliripoti kuwa seli za binadamu zilizolelewa katika hewa yenye oksijeni asilimia 40, karibu mara mbili ya ile ya kawaida, zilipoteza telomea zao haraka zaidi na zikaacha kugawanyika mapema. Kwa maneno mengine, telomea hazihesabu migawanyiko pekee. Huhesabu pia majeraha.

Seli iliyosimama namna hiyo si mstaafu mtulivu. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe na kuzisumbua seli jirani, na kadiri umri unavyosonga ndivyo seli za aina hii zinavyoongezeka katika ngozi, mafuta, mapafu na mishipa. Mwaka 2011, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani waliunda panya ambao seli zao zilizozeeka ziliweza kufutwa kwa dawa. Panya hao walichelewa kupata mtoto wa jicho na kudhoofika kwa misuli.

Kutoka kwenye seli hadi wodini

Maradhi yanayojaza wodi za watu wazima katika hospitali za mijini yana alama za vidole vya oksijeni. Mfano ulio wazi ni mishipa ya damu. Lehemu mbaya inayosafirishwa katika damu hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, na ikiungana na oksijeni humo hugeuka kitu ambacho seli za kinga hukiona kama kigeni. Seli hizo huimeza hadi zikajaa mafuta na kunasa ukutani. Mrundikano huo, ukikua kwa miaka mingi kisha ukapasuka, ndio unaoziba mshipa wa moyo au wa ubongo na kuleta kiharusi ambacho nyumbani husemwa kimetokea ghafla.

Kisukari nacho kina njia yake. Mwaka 2000, kundi la watafiti lililoongozwa na Michael Brownlee wa New York lilionyesha kuwa sukari inapozidi katika seli za kuta za mishipa, mitokondria hutengeneza supaoksaidi kupita kiasi, na kutokana na hiyo huanza mlolongo wa uharibifu unaofika machoni, kwenye figo na kwenye neva za miguu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa takriban 9 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari, na 26 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua.

Katika ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili, seli za ubongo zinazokufa ni zile zitengenezazo dopamini, kemikali ambayo yenyewe huungana na oksijeni kwa urahisi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, alama za uharibifu wa oksijeni huonekana kwenye ubongo, ingawa bado kuna mabishano kama uharibifu huo ndio chanzo au ni moshi wa moto uliowashwa na kitu kingine.

Kuna pia ngozi. Miale ya jua huzalisha radikali huru ndani ya ngozi na kuharibu DNA moja kwa moja, na rangi nyeusi ya ngozi, melanini, hunyonya sehemu kubwa ya miale hiyo. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, na ndiyo maana nchini Tanzania watu wengi wenye ualbino wamekuwa wakipata saratani ya ngozi wangali vijana. Kwao, mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, kofia pana na nguo za mikono mirefu si urembo. Inashangaza kuona fedha nyingi zikitumika kununua krimu za kurudisha ujana katika mji uleule ambako mtoto mwenye ualbino anakosa kofia.

Na upo moshi. Sigara huingiza radikali huru mapafuni kwa kila mvuto, na jiko la mkaa au kuni lililowekwa mahali pasipopitisha hewa hufanya kazi inayofanana nayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vitokanavyo na kiharusi, moyo na mapafu. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo huzungumzwa zaidi kwa habari ya misitu, lakini kwa mama anayeinamia jiko kila siku ni habari ya mishipa yake ya damu.

Vidonge vyapimwa

Kutokana na maelezo hayo, hitimisho la haraka lingekuwa jepesi: kama radikali huru huharibu, basi kinachozizima kitaponya. Watu waliokula matunda na mboga kwa wingi walionekana kuugua saratani na moyo kwa kiasi kidogo, na vyakula hivyo vina vitamini C, vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya njano ya karoti, papai na mawese. Ilibaki tu kuviweka ndani ya kidonge na kuthibitisha.

Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji wa sigara wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa beta-karotini, wengine vitamini E, wengine zote mbili na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, yaliwashtua hata walioendesha utafiti. Waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakuinywa.

Baadhi walidhani ni bahati mbaya ya hesabu. Lakini nchini Marekani ulikuwa ukiendelea utafiti mwingine wa watu 18,314, wakiwamo wavutaji, walioacha kuvuta na wafanyakazi waliowahi kushughulika na asbesto, ambao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwezi Januari mwaka 1996 utafiti huo ulisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa kuwa saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17 miongoni mwa waliopewa vidonge.

Vitamini E nayo haikufua dafu. Utafiti uliojulikana kama HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 9,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Vitamini E haikuwasaidia kitu. Katika utafiti huohuo, wagonjwa walewale walipimwa pia kwa ramipril, dawa ya shinikizo la damu isiyo na matangazo ya kuvutia, na dawa hiyo ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 22. Pengine hakuna ulinganisho ulio wazi zaidi ya huo kwa mtu anayetafakari fedha yake aipeleke wapi.

Mwaka 2008 ulisimamishwa utafiti mwingine, wa wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, uliotarajiwa kuonyesha kuwa vitamini E na madini ya seleniamu huzuia saratani ya tezi dume. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kinyume chake: waliokunywa vitamini E walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Aidha, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha majaribio 68 yenye watu 232,606, ulihitimisha kuwa beta-karotini, vitamini A na vitamini E huenda zinaongeza vifo. Jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga ya magonjwa lilishauri mwaka 2022 dhidi ya kutumia beta-karotini au vitamini E kwa nia ya kuzuia saratani na maradhi ya moyo.

Ipo nafuu moja inayopaswa kutajwa, kwa sababu ni ya kweli. Wazee wenye hatua ya kati ya ugonjwa wa kuharibika kwa kitovu cha retina ya jicho, waliopewa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini na zinki, walipunguza uwezekano wa kufikia hatua mbaya kwa takriban robo, kwa mujibu wa utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2001. Mwaka 2013 beta-karotini iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na luteini na zeaksanthini, kwa kuwahofia wavutaji. Hiyo ni dawa ya ugonjwa mmoja, kwa hatua maalumu, baada ya kupimwa na daktari wa macho. Haimhusu mwenye macho mazima.

Fuko wa Kenya aitia doa nadharia

Pigo jingine kwa nadharia ya Harman lilitoka ardhini, tena karibu. Katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia huishi fuko mdogo asiye na manyoya, mwenye ngozi ya mikunjo na meno yaliyochomoza, ambaye kwa sura hawezi kushinda shindano lolote. Mnyama huyu anakaribia ukubwa wa panya wa nyumbani, lakini panya huyo akitunzwa vizuri huishi miaka mitatu au minne, na fuko huyu huvuka miaka 30.

Kwa mujibu wa nadharia ya Harman, mwili wake ulipaswa kuwa na uharibifu mdogo wa oksijeni. Watafiti, akiwamo Rochelle Buffenstein ambaye amemchunguza mnyama huyu kwa miongo kadhaa, walipompima waliripoti mwaka 2006 kuwa mambo ni kinyume: hata akiwa kijana, fuko huyo ana uharibifu mwingi kuliko panya. Mwaka 2018 Buffenstein na wenzake walionyesha pia kuwa hatari yake ya kufa haionekani kupanda kadiri anavyozeeka, jambo ambalo ni kinyume na wanyama wengine wanaonyonyesha. Ana kutu, lakini bati halitoboki. Anachoonekana kukizidishia nguvu ni ukarabati, hasa wa kulinda protini zake.

Maabara nazo zilitoa majibu yanayofanana. Nzi wa matunda waliopandikizwa vimeng'enya vya ziada waliripotiwa mwaka 1994 kuishi hadi theluthi moja zaidi, lakini watafiti walewale waliporudia kazi hiyo kwa nzi wenye afya bora, manufaa hayo hayakuonekana. Huko Kanada, Jeremy Van Raamsdonk na Siegfried Hekimi waliwanyima minyoo wadogo wa maabara vimeng'enya vyote vitano vya kuzima supaoksaidi. Minyoo hao waliishi muda wa kawaida, ingawa walidhoofu kila walipokumbana na mazingira magumu.

Moto wenye kazi

Kinachojitokeza katika majibu haya ni kwamba radikali huru si taka tupu. Seli za kinga hutengeneza supaoksaidi makusudi ili kuua bakteria, na watoto wanaozaliwa bila uwezo huo huandamwa na maambukizi yasiyokwisha. Gesi ya naitriki oksaidi, inayolegeza mishipa ya damu na ambayo uchunguzi wake uliwapatia watafiti watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998, yenyewe ni radikali huru. Cheche ndogo pia ni kengele: zikilia, seli huamka na kutengeneza vimeng'enya vyake vya ulinzi.

Mazoezi ya mwili ni mfano mzuri. Misuli inayofanya kazi hutoa radikali huru kwa wingi, na bado mazoezi huboresha afya. Mwaka 2009, Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwapa vijana mazoezi ya wiki nne; nusu yao walikunywa pia vitamini C na E kwa dozi kubwa. Wale ambao hawakunywa vidonge, miili yao iliongeza wepesi wa kuitikia insulini. Kwa waliokunywa, manufaa hayo yalizimwa. Kengele ilikuwa imefungwa mdomo.

Seli za saratani nazo huteswa na msongo wa oksijeni, na kuzipa kinga ni kuzifadhili. Mwaka 2014, watafiti wa Gothenburg nchini Sweden walionyesha kuwa vitamini E iliharakisha kukua kwa saratani ya mapafu kwa panya. Mgonjwa anayetibiwa saratani, kwa hiyo, hapaswi kuongeza vidonge vya aina hii bila daktari wake kujua. Hali kadhalika anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kwani dozi kubwa ya vitamini E huweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu.

Kuhusu vyakula, matokeo haya hayajaifuta thamani ya mchicha, matembele, ubuyu, maembe wala viazi lishe. Kilichofutwa ni dhana kwamba thamani hiyo inaweza kupimwa kwa namba moja. Kwa miaka kadhaa Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha orodha ya vyakula kwa nguvu zao za kuzima radikali katika chupa ya maabara, na karafuu, zao linaloijengea Zanzibar jina, ilikuwa miongoni mwa vilivyoongoza. Mwaka 2012 wizara hiyo iliiondoa orodha hiyo, ikieleza kuwa namba zake zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji na kwamba hakuna ushahidi kuwa kinachotokea kwenye chupa hutokea pia mwilini. Namba hizo bado huonekana kwenye vifungashio.

Wakati huohuo, utafiti wa uzee umehamia kwingine. Badala ya kuzima cheche, maabara nyingi sasa zinajaribu kuziondoa seli zilizozeeka. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililotangazwa mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu, waliopewa dawa ya saratani ya damu iitwayo dasatinib pamoja na kwesetini, kemikali ipatikanayo katika vitunguu na matofaa. Waliweza kutembea kwa kasi na umbali zaidi kidogo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na majaribio makubwa zaidi yalihitajika. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote kwa ajili ya kuzuia uzee wenyewe. Kwa mwenye kisukari, ushahidi ulio imara ni ule wa utafiti mkubwa wa Uingereza uliokamilika mwaka 1998, ambao ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari vizuri zaidi kwa dawa za kawaida za hospitali hupunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25.